Dripu salama huanzia kwenye nguo ya mtengenezaji

Kati ya mwaka 2022 na 2023 wagonjwa 81 nchini Marekani waliugua kutokana na bakteria sugu waliohusishwa na dawa ya matone ya macho kutoka India. Wanne walifariki, na wengine walipoteza uwezo wa kuona. Oktoba 2023, mamlaka ya dawa ya nchi hiyo iliwaonya wananchi wasitumie aina nyingine 26 za matone ya macho kutoka kiwanda tofauti cha India. Wakaguzi walieleza kuwa wafanyakazi walionekana pekupeku ndani ya eneo ambalo halikupaswa kuwa na kijidudu hata kimoja.

Habari hizi zinatuhusu. Afrika imeweka lengo la kutengeneza asilimia 60 ya chanjo inazohitaji ifikapo 2040, na sisi tunataka viwanda vyetu vya dripu na sindano. Kiwanda kinapozinduliwa tunaonyeshwa mitambo. Ni nadra kuuliza kuhusu nguo za watakaoiendesha.

Kwa nini nguo?

Dawa ya kunywa hupita tumboni, ambako asidi huua vijidudu vingi. Dripu na sindano huingia moja kwa moja mwilini bila mlinzi huyo. Kwa hiyo hutengenezwa katika vyumba ambavyo hewa yake huchujwa saa zote. Hata hivyo, mchafuzi mkubwa wa vyumba hivyo ni binadamu mwenyewe. Mtu aliyetulia tu hupukutisha chembe zaidi ya 100,000 kwa dakika, nyingi zikiwa vipande vya ngozi visivyoonekana, na baadhi hubeba bakteria. Akitembea, huongezeka mara nyingi.

Nguo ndiyo hutakiwa kuzizuia. Pamba haifai kwa kuwa hutoa manyoya. Poliesta yenye nyuzi ndefu zisizokatika haitoi manyoya, lakini ina tatizo lake: ikisuguana hujaa umemetuli. Ni ule umeme unaofanya kalamu ya plastiki iliyosuguliwa kwenye nywele ivute vipande vya karatasi. Nguo yenye umeme huo huvuta vumbi, kisha huliachia karibu na chupa iliyo wazi. Ndiyo maana kitambaa bora hufumwa pamoja na nyuzi za kaboni, ambazo huusambaza umeme huo na kuuondoa.

Ubora hupimwaje?

Jina zuri kwenye lebo si kipimo. Kwanza, nguo huzungushwa ndani ya pipa maalumu na chembe zinazotoka huhesabiwa. Pili, hupimwa jinsi kitambaa kinavyozuia chembe kupenya. Tatu, hupimwa umeme unavyopita na kasi ya chaji kupungua. Kipimo hiki hufanyika katika hewa kavu, kwa sababu unyevu huondoa umeme na kuficha udhaifu wa kitambaa. Nguo iliyopimwa kwenye joto lenye unyevu la Dar es Salaam inaweza kufaulu, kisha ikashindwa ndani ya chumba chenye kiyoyozi.

Suala kubwa zaidi ni kufua. Nguo hizi hufuliwa na kuuliwa vijidudu mara kwa mara, na kila mzunguko huchosha nyuzi. Mwongozo wa Ulaya ulioanza kutumika Agosti 2023 unataka nguo zibadilishwe zikiharibika au baada ya muda uliothibitishwa kwa vipimo, na unakumbusha kuwa si kila uharibifu huonekana kwa macho. Kwa maoni yangu, swali la kwanza la mkaguzi liwe hili: nguo hii imefuliwa mara ngapi, na mara ya mwisho ilipimwa lini?

Wewe na mtoto wako

Usiache dawa kwa hofu. Kabla ya dripu kuwekwa, ni haki yako kuomba chupa itazamwe kwenye mwanga. Ikiwa na ukungu, vitu vinavyoelea, ufa au inavuja, isitumike. Lakini chupa angavu si uthibitisho kamili, kwani bakteria wachache hawaonekani. Mtoto akianza kutetemeka kwa baridi au kupata homa ghafla dripu ikiendelea, mwite muuguzi papo hapo. Omba chupa itunzwe na taarifa ifike Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA).

Kwa matone ya macho, ncha ya chupa isiguse jicho, msichangie chupa moja, na tupa kilichobaki wiki nne baada ya kufungua, isipokuwa maelezo ya dawa yaseme vinginevyo.

Mzazi hawezi kuingia kiwandani kukagua nguo. Anayeweza ni mkaguzi, na kazi yake isiishie kwenye mitambo.