Salah alistahili mkataba, kazi ilikuwa kwenye idadi ya miaka

LIVERPOOL, ENGLAND

MACHI 2025 zilibaki mechi tisa Ligi Kuu England na Liverpool ilikuwa kileleni kwa tofauti ya pointi 12 dhidi ya Arsenal. Ubingwa ulinukia Anfield, lakini presha ya mashabiki ilikuwa kwingine. Mkataba wa Mohamed Salah ulikuwa unaisha Juni 30, 2025 na staa huyo alikuwa bado hajamwaga wino.

Hadi mwanzoni mwa Machi hoja ilikuwa moja tu, apewe anachotaka. Ikaja Machi 11, beki wa kushoto wa PSG, Nuno Mendes, akamtia mfukoni na Liverpool ikang'oka Ligi ya Mabingwa kwa penalti. Siku tano baadaye Newcastle ikabeba Kombe la Carabao kwa ushindi wa 2-1 pale Wembley, na Salah hakupiga shuti hata moja. Ghafla vijiweni watu wakaanza kuhesabu umri wake.

Ni kweli, Juni 15 alikuwa anatimiza miaka 33. Lakini huyo mzee alikuwa na mabao 27 na asisti 17 katika mechi 29 za ligi msimu wa 2024/25. Kuna timu zinatafuta winga wa namba hizo kwa misimu mitatu na hazimpati.

Tuje kwenye mkwanja, maana ndiko ugomvi ulipokuwa. Mshahara wake ulitajwa kuwa Pauni 350,000 kwa wiki, ambao kwa mwaka ni Pauni 18.2 milioni, bonasi hazijaguswa. Miaka miwili ingekula Pauni 36.4 milioni. Ni nyingi, ila hakuna ada ya uhamisho hapo. Liverpool ilitoa Pauni 64 milioni kumchukua Darwin Nunez mwaka 2022, mshahara kando, na hadi Machi 2025 straika huyo hakuwa na uhakika wa namba. Ambaye angekuja kuvaa viatu vya Salah angeuzwa bei gani?

Wamiliki, FSG, walikuwa na mazoea yao na waliovuka 30. Georginio Wijnaldum aliachwa aende PSG bure mwaka 2021, Sadio Mane akauzwa Bayern Munich mwaka 2022, Roberto Firmino akaondoka bure mwaka 2023. Salah ndiye waliyemvunjia utaratibu. Walimpa mkataba mnono Julai 2022 akiwa na miaka 30, na msimu wa 2024/25 aliwalipa kwa riba.

Waliokuwa wanaogopa nao walikuwa na mfano mzuri. Arsenal ilimpa Pierre-Emerick Aubameyang mkataba wa miaka mitatu Septemba 2020 akiwa na miaka 31, wiki chache baada ya kufunga mabao yote mawili fainali ya Kombe la FA. Kutoka mabao 22 ya ligi akashuka hadi 10, akavuliwa kitambaa cha unahodha, na Februari 2022 akatua Barcelona bure.

Lakini Real Madrid nayo inajua machungu ya upande wa pili. Ilimuuza Cristiano Ronaldo kwa Euro 100 milioni mwaka 2018, akiwa na miaka 33 vilevile. Mabao yao ya La Liga yakaporomoka kutoka 94 hadi 63 kwa msimu mmoja. Na wao angalau walipata hela. Liverpool ingechelewa isingepata hata senti, baada ya kukataa Pauni 150 milioni za Al-Ittihad mwaka 2023.

Kwa hiyo swali la abaki au aondoke lilikuwa limeshajibiwa uwanjani. Kilichobaki kilikuwa ni miaka mingapi. Miwili ilikuwa inalipa, kwa sababu Salah wa wakati huo hakutegemea mbio peke yake. Kocha Arne Slot alikuwa amempunguzia kazi ya kukaba na pasi zake za mwisho zilikuwa hatari kuliko zamani. Mwaka wa tatu angekuwa anaelekea 36, na hapo ndipo mikataba ya aina hii hugeuka mzigo. Kama angeung'ang'ania, Liverpool ilipaswa kuwa na ubavu wa kusema hapana.

Kulikuwa na AFCON pia. Ilikuwa inaanza Desemba 21, 2025 kule Morocco, Taifa Stars ikiwemo, na Misri isingeweza kumwacha nyumbani. Slot alihitaji winga mwingine wa kulia hata kama Salah angebaki.

Novemba 2024, baada ya kuilaza Southampton 3-2, Salah alisema hajapewa ofa na yupo karibu zaidi na kuondoka kuliko kubaki. Tangu Januari 2025 alikuwa na ruhusa ya kuzungumza na klabu za nje ya England. Virgil van Dijk na Trent Alexander-Arnold nao mikataba yao ilikuwa inaisha siku hiyohiyo.

Liverpool ilikuwa irudi uwanjani Aprili 2, 2025 kuikaribisha Everton. Kutoka siku hiyo hadi Juni 30 zilikuwa siku 89.