Mwanafunzi wa Delta Asingojeshwe

Mtaala mpya wa elimu, ulioanza kutumika Januari 2024, umeipa Sayansi ya Kompyuta nafasi yake katika masomo ya sekondari. Hilo ni jema. Lakini sisi wa Kibiti na visiwa vya delta ya Rufiji tunakabiliwa na swali moja: mwanafunzi wa Mbwera, Salale au Maparoni, ambaye hajapata kugusa kompyuta, ataanzia wapi kujifunza kuandika programu?

Jibu linalosikika mara kwa mara ni kwamba asubiri: asubiri umeme, asubiri chumba, asubiri mashine. Hatukubaliani nalo.

Programu ni mfululizo wa maagizo ambayo mashine huyafuata neno kwa neno, bila kukisia nia ya aliyeyaandika. Mtoto wa delta ameyaishi hayo kabla ya kuyasoma. Nahodha anapomwambia, "Ikiwa maji yamejaa, pita mkondo wa karibu, la sivyo, zunguka," amempa sharti. Anapomwagiza afute maji ya ngama mpaka yaishe, amempa kazi ya kurudiwa yenye kikomo. Sharti na marudio ni miongoni mwa nguzo za uandishi wa programu popote duniani. Mwalimu akiyaandika maagizo ya namna hiyo ubaoni kwa Kiswahili, na wanafunzi wakayatekeleza kwa zamu kana kwamba wao ndio mashine, wataona wenyewe agizo lililokosewa na kulisahihisha. Kusaka makosa na kuyasahihisha ni sehemu kubwa ya kazi hii.

Hata hivyo, hakuna aliyejifunza kuogelea nchi kavu. Mashine lazima zije, ingawa si lazima ziwe nyingi wala za fahari. Kompyuta moja inayotumia umeme wa jua, wanafunzi wakipokezana, yatosha kuanzia. Lugha ya Python, iliyotolewa mwaka 1991, hailipiwi. Scratch, iliyotolewa mwaka 2007 kwa ajili ya watoto, hutumika hata kwa Kiswahili, tena bila intaneti ikishapakiwa.

Nchi yetu imewahi kuiogopa kompyuta. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wake. Marufuku hiyo iliondolewa baadaye, lakini miaka iliyopotea haikurudi. Mtoto wa kisiwani asilipe gharama hiyo mara ya pili. Maji ya Rufiji, kabla ya kutufikia, huzungusha mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere yenye uwezo wa megawati 2,115. Haitapendeza mto huo uangaze miji ya mbali, na shule zilizo mdomoni mwake zibaki nyuma.

Tunawaomba viongozi wa Halmashauri na Wizara wazingatie mambo matatu. Kwanza, mwalimu aandaliwe kabla ya mashine kununuliwa, kwani kompyuta isiyo na mwalimu huishia kabatini. Pili, vifaa vihifadhiwe mahali pa juu na pakavu. Mafuriko ya Aprili 2024 yametufundisha vya kutosha. Tatu, shule za visiwani zisiwekwe mwishoni mwa orodha kwa sababu tu hufikiwa kwa boti.

Nao wazazi wasiwazuie mabinti zao kulichagua somo hili. Akili ya kupanga maagizo haibagui mwana wala binti.