Fizi: Tusilaani nyumba nzima, tumtaje mwenye kosa

Hapa Mboko, kila mara habari za mapigano zinaposhuka kutoka milimani, laana zinaanza sokoni. Mama anayeuza ndagala, kijana wa pikipiki, mzee anayengoja boti ya kwenda Baraka, wote wana neno moja: Mungu awapige wote, hawa na wale. Ninaelewa hasira hiyo. Raia aliyechoka kukimbia na godoro kichwani hana silaha nyingine. Lakini laana hiyo ina hatari, na mchezo mmoja wa kuigiza wa zamani unaionyesha vizuri.

Katika Romeo na Juliet, mchezo wa Mwingereza Shakespeare uliochapishwa mara ya kwanza 1597, familia mbili za mji wa Verona, Italia, zinachukiana. Mercutio si wa familia yoyote kati ya hizo. Ni rafiki wa Romeo na ndugu wa mtawala wa mji. Siku moja Tybalt, wa familia ya Capulet, anamtafuta Romeo, wa familia ya Montague, ili wapigane. Romeo anakataa, kwa sababu ametoka kufunga ndoa ya siri na Juliet, binamu ya Tybalt. Mercutio anachomoa upanga kwa niaba yake. Romeo anaingia katikati kuwaachanisha, na Tybalt anapitisha upanga chini ya mkono wake na kumchoma Mercutio. Katika kufa kwake, Mercutio anaziombea nyumba zote mbili tauni.

Aliyemchoma ni mtu mmoja, lakini yeye amelaani nyumba. Ndani ya nyumba hizo yumo pia Juliet, msichana asiyefikisha miaka 14, ambaye saa hiyo yuko nyumbani akimngoja mume wake.

Na tauni inakuja kweli. Mtawa aliyetumwa na barua ya kumwambia Romeo kwamba Juliet amelazwa tu na dawa, hakufa, anafungiwa ndani ya nyumba kwa hofu ya ugonjwa huo. Barua haifiki. Romeo anakunywa sumu, Juliet anajichoma kisu.

Sisi wa kando ya Tanganyika hatuhitaji kufundishwa hilo. Kolera haiulizi kabila. Watu wakikimbia mapigano na kunywa maji ya ziwa, anayeugua kwanza si yule aliyeshika bunduki.

Tangu 2017, katika milima ya Minembwe na Itombwe, Babembe, Bafuliru, Banyindu na Banyamulenge wote wamezika watu wao. Kijiji kikichomwa, hatusikii jina la aliyetoa amri. Tunasikia jina la kabila. Mwenye bunduki anafurahia hivyo, maana anajificha nyuma ya mama yake na wadogo zake, na wao ndio wanaolipa.

Kuna njia nyingine, na tumeiona hapa kwetu. Tarehe 1 Januari 2011, wanajeshi walibaka wanawake katika mji wa Fizi. Mwezi uliofuata mahakama ya kijeshi ilikaa Baraka. Wanawake walitoa ushahidi, na Luteni Kanali Kibibi Mutware akahukumiwa kifungo cha miaka 20. Mahakama ilihukumu watu kwa majina na vyeo vyao. Haikuhukumu kabila la mtu.

Mwishoni mwa mchezo, mtawala wa Verona anakiri kwamba aliufumbia macho ugomvi ule, na yeye mwenyewe amepoteza ndugu wawili. Anakiri wakati makaburi yamekwisha kujaa. Serikali yetu isingoje saa hiyo: mahakama zirudi Baraka, zipande na milimani, zisikilize walioumia wa kila upande.

Na sisi raia tuna kazi yetu. Mtu akilaani kabila zima sokoni Mboko, tusiitikie amina. Tumuulize kwa upole: ni nani hasa, siku gani, kwa amri ya nani?