MFICHA MARADHI

Wenzangu makarani,

Wako miongoni mwetu wasemao kwamba habari za maradhi zisipelekwe upesi, kwa kuwa zaitia wilaya aibu na kufukuza wafanya biashara. Maneno hayo nayakataa.

Tazameni yaliyowapata jirani zetu wa Biharamulo. Tarehe 14 Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa habari za watu 9 walioshukiwa kuugua Marburg, na 8 walikuwa wamekwisha kufa. Kisha Wizara ikasema vipimo havikuuona ugonjwa huo. Tarehe 20 Januari Rais mwenyewe akatangaza kwamba upo. Hata ulipotangazwa kwisha, tarehe 13 Machi, waliohesabiwa kuugua walikuwa 10, na wote 10 wamekufa.

Maradhi haya huambukiza kwa damu na majimaji ya mgonjwa. Basi karani angojapo, mama anamwuguza mwanawe kwa mikono mitupu, na ndugu wanaosha maiti. Mwaka 2023 huko Bukoba walikufa watu 6, na mmoja wao alikuwa mtumishi wa afya, mwenzetu.

Daftari si nguo ya kufunikia kidonda. Mkubwa wako akikuambia, "Ngoja kwanza," mjibu kwa adabu, lakini andika tarehe, kijiji na hesabu ya wagonjwa, ukapeleke siku ile ile. Aibu ya wilaya hufutika, aliyezikwa harudi. Mficha maradhi, kilio humwumbua.

Ni mimi karani mwenzenu,
Kibimba, Ngara.