Kamera ya Mkono wa Pili

Mzazi mmoja ametuuliza: mwanawe asomaye Machakos ataka kupiga picha za mpira kwa malipo, na akiba yao yatosha kamera moja tu, tena iliyotumika. Anunue ipi?

Twaukumbuka Uwanja wa Kenyatta, mjini humo, tarehe 17 Desemba 2017, Zanzibar na Kenya zilipotoka 2-2 katika fainali ya CECAFA, kisha Kenya ikashinda kwa penalti 3-2. Mkono wa kipa hugusa mpira kabla hujapepesa jicho. Hapo wingi wa megapikseli haufai kitu. Kasi ndiyo itakiwayo. Canon EOS 7D ya mwaka 2009 hupiga picha 8 kwa sekunde, nayo yamtosha mwanafunzi. Salio liende kwenye lenzi ya 70-200 yenye f/2.8, hata ikiwa imechubuka rangi, kwani jua likishuka, lenzi isiyopitisha mwanga wa kutosha humfanya mchezaji aonekane kama moshi.

Kabla ya kulipa, muulizeni muuzaji shata imefyatuka mara ngapi. Ya 7D ilikadiriwa mara 150,000. Akikwepa swali, mwacheni na kamera yake. Sisi tuliwahi kununua kwa kutazama uzuri wa mkoba, shata ikakatika arusini, bibi arusi hata hajatolewa nje.