Swali la Mtafiti Lina Nafasi Darasani

Kila tunapozungumza na wanachuo juu ya utafiti, jibu tunalolipata ni lile lile: utafiti ni kazi ya vyuo vikuu, nasi walimu tunafundisha yaliyokwisha kugunduliwa. Kwa maoni hayo, kemia ina wenyewe, udaktari wa meno una wenyewe, elimu ya urithi wa mimea ina wenyewe, na mitambo ya kuwatambua watu kwa vidole nayo ina wenyewe. Mwalimu wa shule ya msingi hungoja matokeo, akayaandika ubaoni, watoto wakayanakili. Sisi hatukubaliani na maoni hayo. Jibu la mtafiti laweza kuwa gumu kupita kiasi, lakini swali lake mara nyingi ni la kimo cha mtoto wa darasa la tatu.

Tuanze na meno. Katika sehemu kadhaa za Arusha na Kilimanjaro, watoto wengi wana meno yenye madoa ya hudhurungi. Mwalimu mgeni huweza kumkemea mtoto mbele ya wenzake kwamba hapigi mswaki, kumbe madoa hayo hayatoki kwa kusuguliwa. Daktari wa meno Frederick McKay alipoanza kazi Colorado Springs, Marekani, mwaka 1901, alikuta madoa ya namna hiyo vinywani mwa wenyeji. Akauliza: mbona waliohamia hapa wakiwa watu wazima hawanayo? Mwaka 1909 alijiunga naye G. V. Black, mkuu wa shule ya udaktari wa meno ya Chuo Kikuu cha Northwestern. Walitambua ya kuwa doa huingia wakati jino linapoumbika, kabla halijachomoza. Sababu yenyewe ilipatikana mwaka 1931, mkemia H. V. Churchill alipoyapima maji ya mji wa Bauxite, jimboni Arkansas, akakuta floridi nyingi ndani yake. Miaka 30 ilipita kati ya swali na jibu, na swali la daktari wa meno likajibiwa na mkemia.

Leo Shirika la Afya Duniani lashauri floridi isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa, na kituo cha Ngurdoto, mkoani Arusha, kimeshughulika na kuyasafisha maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mwalimu anayeyajua haya hatamwaibisha mtoto. Atawauliza wanafunzi: nyumbani kwenu mnakunywa maji ya wapi, ya kisima, ya mto au ya mvua? Jedwali litachorwa ubaoni, na watoto wataanza kuhesabu. Lakini tunaonya: kinywa cha mtoto kisigeuzwe kuwa zana ya kufundishia. Yachunguzwe maji.

Tutazame sasa vidole. Mwaka 1880 Henry Faulds, tabibu Mskoti aliyekuwa akifanya kazi Tokyo, aliandika katika jarida la Nature kwamba alama za vidole zaweza kusaidia kumtambua mhalifu. Udadisi wake uliamshwa na alama za vidole alizoziona juu ya vigae vya vyungu vya kale. Kutokana na udadisi wa namna hiyo imekua elimu ambayo kwayo wapiga kura wa Tanzania waliandikishwa mwaka 2015. Hata hivyo, vidole vya mwashi au mkulima wa siku nyingi huchakaa, na mashine huweza kushindwa kuvisoma. Watafiti wametafuta pia njia nyingine. John Daugman wa Chuo Kikuu cha Cambridge alibuni namna ya kumtambua mtu kwa lile duara lenye rangi linaloizunguka mboni ya jicho. Darasani twahitaji penseli na karatasi tu. Mtoto asugue penseli juu ya karatasi mpaka iwe nyeusi, abonyeze kidole hapo, kisha akipige chapa kwenye karatasi nyeupe na kuilinganisha na ya jirani yake. Darasa likiwa na mapacha wanaofanana, wote wataona kwa macho yao kwamba chapa zao hazilingani.

Kuhusu mimea, hatuna haja ya kwenda mbali. Katika miaka ya 1930, huko Amani, mkoani Tanga, H. H. Storey na R. F. W. Nichols waliuchanganya muhogo na jamaa zake wa porini, ukiwamo mti mmoja wa mpira, ili kupata mbegu itakayostahimili batobato na michirizi ya kahawia. Swali lao ndilo analojiuliza mkulima yeyote: kwa nini shina hili limeugua na lile limesalimika? Wanafunzi na wapite katika shamba la shule, mstari kwa mstari, wakihesabu mashina mazima na yenye kuugua, na kuuliza vipando vya kila mstari vilitoka wapi.

Tunajua tutaambiwa kwamba madarasa yamejaa, maabara hakuna, na mtihani uko mlangoni. Yote ni kweli. Lakini shughuli tulizozitaja hazidai maabara, na wingi wa wanafunzi ni faida kwa mwenye kuhesabu, maana vidole 80 hufundisha zaidi ya vidole 10. Kuhusu mtihani, mtoto aliyehesabu mashina kwa mkono wake hatayasahau upesi kama yule aliyenakili. Hatari tunayoiogopa sisi ni nyingine: kuwalea watoto wanaoamini kwamba maarifa huzaliwa vitabuni, na kwamba wao hawana haki ya kuyahoji.

Kwa hiyo, katika mazoezi ya kufundisha yajayo, tunawasihi wanachuo waongeze mstari mmoja katika kila andalio la somo la Sayansi: swali ambalo jibu lake halimo katika kiongozi cha mwalimu, bali hupatikana kwa kutazama, kuhesabu au kupima. Na mwanafunzi akileta jibu ambalo mwalimu hakulitazamia, lisifutwe ubaoni kabla ya kuchunguzwa.