Tuulizwe hali zetu baada ya kupasuliwa mgongo

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nami nitoe dukuduku langu kuhusu jambo linalowasumbua wananchi wengi lakini halisemwi hadharani, yaani maumivu ya mgongo yanayobaki baada ya mtu kupasuliwa.

Mimi ni dereva mstaafu. Kwa miaka 26 niliendesha malori ya mizigo kati ya Dar es Salaam na Tunduma, na kila dereva aliyepanda Kitonga na mzigo mzito anajua mgongo unavyolipia safari hizo. Mwaka 2017 mguu wangu wa kushoto ulianza kuwaka moto kutoka kwenye tako hadi kwenye kidole gumba. Picha ilionyesha kwamba ile diski laini iliyo kati ya pingili mbili za kiuno imechomoka na kubana mshipa wa fahamu. Mwaka uliofuata nilipasuliwa katika hospitali moja kubwa. Kidonda kilipona vizuri, na picha ya pili ikaonyesha kwamba mshipa haubanwi tena na kitu. Daktari alinipa mkono akasema upasuaji umefanikiwa. Kwa miezi mitano niliamini hivyo. Mwezi wa sita moto ukarudi.

Tangu hapo, Ndugu Mhariri, nimeitwa majina mengi. Tajiri wangu alisema nakwepa safari. Majirani walisema nimetupiwa kitu. Kilichonichoma zaidi ni kauli ya daktari mmoja kijana aliyeitazama picha yangu kwenye mwanga akasema, "Mzee, picha yako ni safi, huna tatizo." Nilitoka pale nikiwa nimeshika ukuta. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kilichonifanya nishike kalamu sasa ni kikao cha familia. Kaka yangu mkubwa amependekeza tuuze shamba letu la ekari nne la Mikese ili niende India nikapasuliwe mara ya pili, au nikawekewe mashine ya umeme mgongoni ambayo ameiona kwenye simu. Binti yangu, ambaye ni muuguzi, alitusihi tusubiri, akatusomea utafiti wa Norway uliotolewa mwaka 2022. Hapo shemeji yangu akaja juu. Alisema madaktari wale ni watu wabaya, kwa sababu waliwawekea wagonjwa mashine kisha wakazizima kimyakimya. Kikao kilivunjika bila uamuzi. Nataka nimjibu shemeji hapa mbele ya wananchi, maana najua wako wengi wenye mawazo kama yake.

Kwanza mashine yenyewe. Ni kijisanduku chenye betri kinachopachikwa chini ya ngozi, nacho kina nyaya nyembamba zinazoingizwa kando ya uti wa mgongo. Umeme mdogo hupita katika nyaya hizo ili kuvuruga habari za maumivu zisifike kwenye ubongo. Mtu wa kwanza aliwekewa kifaa cha namna hii huko Marekani mwaka 1967. Kwa hiyo si kitu kipya, na bei yake ni maelfu mengi ya dola. Mwaka 2007 ulitolewa utafiti wa wagonjwa 100 waliobaki na maumivu ya mguu baada ya kupasuliwa mgongo. Baada ya miezi sita, waliowekewa mashine pamoja na matibabu ya kawaida, 48 katika kila 100 walipungukiwa na maumivu ya mguu kwa nusu au zaidi. Wale waliopewa matibabu ya kawaida peke yake walikuwa 9 tu katika kila 100. Ukisoma hapo ukaishia hapo, utauza shamba kesho.

Lakini utafiti ule ulikuwa na kasoro mbili ambazo hata dereva anaziona. Kila mgonjwa alijua kama amewekewa mashine au hakuwekewa, na gharama zililipwa na kampuni inayotengeneza mashine hizo. Sisemi walidanganya. Nasema kwamba mtu aliyelazwa, akapasuliwa na kupachikwa chombo cha bei kubwa, hawezi kuulizwa hali yake akajibu sawa na yule aliyerudishwa nyumbani na vidonge vilevile vya jana.

Ndipo madaktari wa Hospitali ya St. Olavs katika mji wa Trondheim walipofanya kazi ngumu zaidi. Walichukua watu 50, wote wakiwa wamepasuliwa kiuno na kubaki na maumivu ya mguu kama mimi. Kila mmoja kwanza alijaribiwa mashine kwa wiki mbili, na waliopata nafuu tu ndio waliopachikwa. Kisha mwaka mzima uligawanywa katika vipindi vinne vya miezi mitatu mitatu. Katika vipindi viwili mashine ilitoa umeme, katika vipindi viwili haikutoa, na mpangilio wake ulifuata kura. Umeme uliotumika ni wa aina ambayo mtu hausikii mwilini, kwa hiyo mgonjwa hakuweza kutambua ni kipindi gani.

Hawakuuliza tu "unaumwa?" Walitumia maswali ya maisha ya kila siku, ambayo natamani siku moja daktari aniulize mimi. Unaweza kuvaa mwenyewe? Unaweza kukaa kwa muda gani? Kusimama je? Unalala? Unanyanyua mzigo? Unasafiri? Majibu hujumlishwa kuwa alama kati ya 0 na 100, na alama zikiwa nyingi ndivyo mtu alivyolemaa zaidi. Kabla ya kupachikwa mashine, wagonjwa wale walikuwa na wastani wa alama karibu 45. Mashine ilipokuwa inafanya kazi alama zilishuka kwa 10.6. Ilipokuwa imezimwa zilishuka kwa 9.3. Tofauti yake ni alama moja na kidogo, ambayo watafiti walisema si tofauti ya maana. Na wagonjwa wanne kati ya hao 50 walilazimika kupasuliwa tena kwa ajili ya marekebisho.

Sasa namgeukia shemeji. Hakuna aliyedanganywa pale. Kila mmoja alielezwa tangu mwanzo kwamba kuna miezi ambayo mashine haitatoa umeme, akakubali kwa sahihi yake. Kilichofichwa ni tarehe tu. Hata hapa kwetu mtafiti hawezi kujiendea kwa wagonjwa anavyotaka. Tunayo Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, na kibali hutolewa baada ya mpango wa utafiti kukaguliwa. Ubaya ninaouona mimi ni kuwauzia watu chombo kwa miaka mingi bila majaribio ya kutosha ya namna hii ya kukizima.

Shemeji aliuliza pia, kama mashine ilikuwa imezimwa, kwa nini wagonjwa walipata nafuu? Swali hilo ni zuri, nami lilinisumbua usiku mzima. Binti yangu alinieleza hivi. Mto Ngerengere ukifurika, mtu akatupa sarafu majini, kesho yake maji yakapungua, atasema sarafu ndiyo iliyopunguza maji. Sisi wagonjwa huenda hospitali siku maumivu yamefika juu kabisa, na mara nyingi yaliyofika juu hushuka. Ongeza na matumaini, na wauguzi wanaokupigia simu na kukusikiliza kwa mwaka mzima. Nafuu yao ilikuwa ya kweli. Lakini haikutoka kwenye betri, na ndiyo maana inahitajika kura na mashine iliyozimwa ili tujue kipi kilimsaidia mgonjwa.

Nisije nikaegemea upande mmoja. Wako mabingwa walioukosoa utafiti wa Norway, wakasema ulitumia aina moja tu ya umeme na kwamba mashine hazikurekebishwa kama wao wanavyozoea. Hiyo ni hoja. Hata hivyo mwaka 2023 wachambuzi wa Cochrane walikusanya majaribio 13 yenye wagonjwa 699 wa maumivu ya kiuno, wakahitimisha kwamba ushahidi uliopo hauungi mkono kutumia mashine hizo kwa maumivu hayo nje ya utafiti. Kwangu mimi mwenye ekari nne, hilo linatosha.

Na upasuaji wa pili? Maumivu yanayobaki yana sababu nyingi. Pengine diski imechomoka tena, pengine kovu limezunguka mshipa, pengine mshipa uliumia kwa kubanwa muda mrefu kabla ya kisu kufika, na pengine mfumo wa fahamu wenyewe umezoea kupiga kelele hata baada ya moshi kuisha. Kisu kinaweza kusaidia baadhi ya sababu hizo, si zote, na kila mtu anaporudi mezani uwezekano wa kupona hupungua. Picha nayo isiabudiwe. Uchambuzi uliotolewa mwaka 2015 ulionyesha kwamba kwa watu wasio na maumivu yoyote, diski zilizochakaa zilionekana kwa 37 katika kila 100 wenye umri wa miaka 20, na kwa 96 katika kila 100 wenye umri wa miaka 80. Ikiwa mtu mzima wa afya anaweza kuwa na picha mbaya, kwa nini mtu mwenye maumivu asiwe na picha safi? Naomba daktari yule kijana asome barua hii.

Sisemi wananchi wakimbie upasuaji. Huko Uholanzi, utafiti wa wagonjwa 283 uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha kwamba waliopasuliwa mapema walipata nafuu ya mguu haraka zaidi, ingawa baada ya mwaka mmoja wao na wale waliosubiri walikuwa wamelingana, takriban 95 katika kila 100 wakisema wamepona. Kati ya waliosubiri, 39 katika kila 100 walipasuliwa baadaye. Na yeyote anayepoteza ghafla nguvu za mguu, au kushindwa kuzuia haja, au kupata ganzi katikati ya mapaja, asikae nyumbani kusoma barua za magazeti. Aende hospitali siku hiyohiyo.

Ugonjwa huu kwa miaka mingi madaktari waliuita kwa jina lenye maana ya "upasuaji wa mgongo ulioshindwa". Jina hilo lilikuwa linatafuta mtu wa kulaumiwa, ama daktari ama mgonjwa. Mwaka 2021 kundi la mabingwa lilipendekeza liachwe, uitwe tu maumivu sugu ya uti wa mgongo. Nami nasema afadhali. Sina ugomvi na aliyenipasua. Alifanya kazi yake kwa mikono safi.

Ugomvi wangu ni kwamba hakuna aliyeniuliza tena. Niliambiwa nirudi baada ya wiki sita, nikarudi nikiwa mzima, ikaandikwa "amepona", na jalada likafungwa. Katika vitabu vya hospitali ile mimi ni mtu aliyepona hadi leo. Watafiti wa nje wanakadiria kwamba wanaobaki na maumivu baada ya upasuaji wa mgongo ni kati ya 10 na 40 katika kila 100, na tofauti hiyo kubwa inatokana na aina ya upasuaji na namna watu wanavyoulizwa. Je, kwetu ni wangapi? Kama wote wameandikwa kama nilivyoandikwa mimi, ni sifuri.

Sweden wanayo daftari ya taifa ya upasuaji wa mgongo tangu miaka ya 1990. Mgonjwa hujibu maswali kabla ya kupasuliwa, kisha hutumiwa maswali hayohayo baada ya mwaka 1, miaka 2, miaka 5 na miaka 10. Wahusika wa Wizara ya Afya, nawaomba mlitazame jambo hili. Haihitaji mashine ya dola. Karibu kila mgonjwa ana simu, au mwanawe anayo. Mtu mmoja mwenye daftari anaweza kupiga simu baada ya miezi mitatu na baada ya mwaka, akauliza maswali yale ya kuvaa, kukaa na kulala, akaandika jibu hata likiwa baya. Hata anayefikiria kupasuliwa kesho angeambiwa ukweli wa hapa nyumbani, si wa Norway.

Kikao cha familia kitarudi mwezi ujao na kaka yangu bado hajakubali. Anasema namuonea huruma shamba kuliko mwili wangu. Kwa sasa nafanya mazoezi niliyopewa na mtaalamu wa viungo, na jioni naandika alama zangu katika daftari nililokuwa nikiandikia kilomita za lori. Jana nilikaa kwenye kiti dakika 40. Kama kuna hospitali itakayoanza kupiga simu hizo, ianze na mimi.

Dereva Mstaafu,
Morogoro.